Siku tano, vituo vinne: Orodha ya bei Karatu ina mistari mingapi?

WAFANYABIASHARA wanaopeleka wageni porini kutoka Karatu wanaijua adha ya simu ya usiku. Wakala aliyeko Ulaya anauliza: watu wanne, siku tano, Ngorongoro mara mbili, Manyara mara moja, Tarangire mara mbili, ni kiasi gani? Anataka jibu kabla hajakata simu, kwa kuwa ana namba za kampuni nyingine mkononi. Mwenye gari anapiga hesabu kichwani, anataja bei, biashara inafungwa. Wiki mbili baadaye, akiwa langoni, ndipo anapokumbuka kuwa hakuweka ada ya gari kushuka kreta. Fedha hiyo haidaiwi tena kwa mgeni. Inatoka kwenye faida, na faida ikiwa kiduchu inatoka kwenye mtaji.

Dawa yake inajulikana: kuwa na orodha ya bei iliyoandaliwa mapema, kila safari na bei yake. Wengi hukata tamaa kabla ya kuanza kuiandaa kwa kuamini kwamba safari zinazoweza kuombwa hazihesabiki. Zinahesabika, tena kwa dakika tano, na hesabu yake haitaki zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Hesabu hiyo hiyo inamfaa mchuuzi wa mazao anayepakia Canter, na mtu mwenye akiba ndogo anayetafakari kununua hisa.

Tuchukue vituo vinne tu. Kuna Ngorongoro, ambako wageni wengi hupitia Karatu kabla ya kufika lango la Lodoare. Kuna Ziwa Manyara, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambalo lango lake lipo Mto wa Mbu. Kuna Tarangire, mbele zaidi kwa upande wa barabara ya Babati. Na kuna Ziwa Eyasi, ambako wageni huenda kuwatembelea Wahadzabe na Wadatoga. Kila siku mgeni anakwenda mahali pamoja, na anaruhusiwa kurudi mahali alipokwisha kwenda. Safari ni ya siku tano.

Hesabu ya haraka ni hii: siku ya kwanza kuna chaguo nne, siku ya pili nne, hadi ya tano. Nne mara nne mara nne mara nne mara nne ni 1,024. Kwa mistari 40 katika kila ukurasa, orodha itakuwa na kurasa 26. Hapo ndipo kalamu huwekwa chini.

Hesabu hiyo si ya uongo, ila inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Ndani ya zile 1,024, safari ya kwenda Ngorongoro, Manyara, Ngorongoro, Tarangire, Tarangire imehesabiwa mbali na safari ya kwenda Manyara, Ngorongoro, Ngorongoro, Tarangire, Tarangire. Lakini mhasibu wa langoni hamwulizi mgeni jana alilala wapi. Viingilio vya Ngorongoro hulipwa kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, vya Manyara na Tarangire kwa Shirika la Hifadhi za Taifa, na jumla yake ni ile ile kwa safari zote mbili: Ngorongoro mara mbili, Manyara mara moja, Tarangire mara mbili. Malipo yanaangalia umekwenda mara ngapi. Hayaangalii umekwenda siku gani.

Kwa hiyo tunachotaka kuhesabu si mipangilio ya siku bali mafungu ya safari. Wanahisabati huita jambo hili uchaguzi wenye marudio: unachagua, unaruhusiwa kurudia, na mfuatano hauna maana.

Watu wenye haraka hujaribu njia ya mkato. Wanasema, kwa kuwa siku tano zinaweza kupangwa kwa namna 120, basi tugawe 1,024 kwa 120. Jibu ni nane na ushee, na hakuna safari ya ushee. Kosa liko hapa: kila fungu halirudiwi mara sawa. Fungu letu la Ngorongoro mbili, Manyara moja na Tarangire mbili limejitokeza mara 30 ndani ya zile 1,024. Fungu la Ngorongoro siku zote tano limejitokeza mara moja tu. Hakuna namba moja ya kugawanyia itakayoyatendea haki yote mawili.

Kete na vijiti

Njia nzuri zaidi iko barazani, kwenye bao. Chukua mashimo manne, kila moja kituo: la kwanza Ngorongoro, la pili Manyara, la tatu Tarangire, la nne Eyasi. Chukua kete tano, kila moja siku moja. Kutia kete shimoni ni kumpeleka mgeni kituo hicho kwa siku moja. Kete hazina majina, na ukishazitia shimoni huwezi kusema ipi ilitangulia. Kinachoonekana ni idadi katika kila shimo, na ndicho mhasibu wa langoni anachokiona.

Sasa ondoa ubao. Panga kete tano kwenye mstari mmoja chini, na badala ya kuta kati ya mashimo weka vijiti. Mashimo manne yana kuta tatu katikati, hivyo vijiti ni vitatu. Fungu letu litaandikwa hivi, herufi O ikiwa kete na mstari ukiwa kijiti:

O O | O | O O |

Kabla ya kijiti cha kwanza kuna kete mbili, Ngorongoro mara mbili. Kati ya kwanza na cha pili kuna moja, Manyara. Kati ya cha pili na cha tatu mbili, Tarangire. Baada ya cha tatu hakuna kitu, maana yake hakuna Eyasi. Anayetaka Ngorongoro siku zote tano ataandikwa hivi:

O O O O O | | |

Vijiti vitatu vinafuatana bila kete katikati, navyo vinasema Manyara sifuri, Tarangire sifuri, Eyasi sifuri. Kila safari ina mstari wake mmoja, na kila mstari una safari yake moja. Basi tukihesabu mistari tumehesabu safari.

Mstari una nafasi nane, kete tano na vijiti vitatu. Kazi iliyobaki ni kuamua vijiti vikae wapi, kwani kete zitajaza kilichobaki. Kijiti cha kwanza kina nafasi nane, cha pili saba, cha tatu sita: 8 mara 7 mara 6 ni 336. Lakini vijiti vinafanana, na vijiti vitatu vinaweza kubadilishana nafasi kwa namna 3 mara 2 mara 1, yaani 6, bila mstari kubadilika. Hapa kugawanya ni halali, kwa sababu kila mstari umerudiwa mara sita kamili, si zaidi wala pungufu. 336 gawa kwa 6 ni 56.

Orodha ya kurasa 26 imekuwa ya ukurasa mmoja na nusu.

Kwa anayetaka kanuni: jumlisha idadi ya siku na idadi ya vituo, toa moja. Hizo ndizo nafasi. Vijiti ni vituo kutoa kimoja. Zidisha nafasi ukishuka moja moja, mara nyingi kama vijiti vilivyo, kisha gawa kwa vijiti vikizidishwa hadi moja. Chuoni kanuni hii hufundishwa kwa herufi n na r, na nadhani ndiyo sababu wengi huiacha chumba cha mtihani.

Masharti hupunguza mistari

Hata 56 ni nyingi kuliko zinazohitajika, kwa kuwa biashara halisi ina masharti. Sharti la kwanza Karatu halina mjadala: karibu kila mgeni anataka Ngorongoro angalau siku moja. Namna ya kulihesabu ni kutia kete moja kwenye shimo la Ngorongoro kabla ya mchezo kuanza. Zimebaki kete nne kwa mashimo manne, nafasi saba, vijiti vitatu: 7 mara 6 mara 5 gawa kwa 6 ni 35.

Sharti la pili: Eyasi isizidi siku moja. Hili ni sharti la kikomo na linahesabiwa kwa kutenganisha hali mbili. Ngorongoro ikiwa imekwishapata kete yake, Eyasi ikiwa sifuri tunabaki na kete nne kwa mashimo matatu, mistari 15. Eyasi ikiwa moja, tunabaki na kete tatu kwa mashimo matatu, mistari 10. Jumla 25.

Sharti la tatu: Ngorongoro isizidi siku mbili, kwa kuwa ada ya gari kushuka kreta hulipwa kila gari linaposhuka na mgeni wa kawaida hataki kuilipa mara tatu. Tunaondoa mistari yote yenye Ngorongoro tatu au zaidi. Bila Eyasi iko 6, na yenye Eyasi moja iko 3, jumla 9. Kutoka 25 tunabaki na 16.

Mistari 16 inabandikwa ukutani karibu na simu. Viwango vya ada hutangazwa na mamlaka husika na hubadilika, hivyo orodha ipigwe upya kila vinapobadilika. Kuipiga upya mistari 16 ni kazi ya jioni moja.

Yuko atakayeuliza kuhusu mafuta, na ana haki ya kuuliza. Dizeli haifuati hesabu ya mhasibu wa langoni. Gari linalotoka Manyara kupanda Ngorongoro, likashuka tena Manyara, likapanda tena, limepita ukuta wa Bonde la Ufa mara tatu, wakati lile lililomaliza Manyara kwanza limeupita mara moja. Fungu ni lile lile, mafuta mbalimbali.

Jibu linategemea mgeni analala wapi. Akilala Karatu usiku wote, kila siku gari linatoka mjini na kurudi mjini, na mfuatano hauna maana hata kwa mafuta. Kila kituo kina gharama yake ya kwenda na kurudi, unaiongeza kwenye kiingilio, na mistari 16 inatosha kabisa. Akihamahama, leo kambi ya Tarangire kesho hoteli ya Mto wa Mbu, mfuatano una bei. Hapo haifai kurudi kwenye 1,024. Andaa karatasi ya pili yenye umbali kati ya kila mahali pawili. Ukiwa na Karatu na vituo vinne, sehemu ni tano na jozi zake ni 10. Viingilio vinatoka kwenye karatasi ya kwanza, kilomita kwenye ya pili. (Wenye nyumba za kulala wageni Karatu wanaweza kuitumia hoja hii katika matangazo yao: anayelala kwao hurahisisha hata hesabu ya bei.)

Canter ya magunia 20

Tuhamie sokoni. Mnada wa Karatu, unaojulikana kwa tarehe zake za 7 na 25 za mwezi, huwakutanisha wachuuzi na mazao ya ukanda wote: vitunguu vya Mang'ola vinavyomwagiliwa maji ya chemchemi karibu na Ziwa Eyasi, ngano ya nyanda za juu, maharage, na mbaazi. Tuseme mchuuzi ana Canter ya kubeba magunia 20 ya kilo 100, tani mbili, kwenda soko la Kilombero mjini Arusha, na anachagua kati ya mazao hayo manne. Ana mchanganyiko mangapi wa kuchagua?

Kete 20, mashimo 4, nafasi 23, vijiti 3. 23 mara 22 mara 21 gawa kwa 6 ni 1,771. Mtu aliyehesabu kwa mfuatano, kana kwamba gunia lililopakiwa kwanza linauzwa bei tofauti na lililopakiwa mwisho, angepata namba inayozidi trilioni moja.

Katika hizo 1,771, zenye angalau gunia moja la kila zao ni 969. Tia gunia moja moja kila shimo, zimebaki kete 16. Zisizo na mbaazi kabisa ni 231. Zenye mbaazi nusu ya mzigo au zaidi ni 286. Zenye zao moja pekee ni nne.

Hapa inabidi kukumbusha kilichotokea mwaka 2017. Mbaazi ya Tanzania ilikuwa ikitegemea sana mnunuzi mmoja, India. Agosti mwaka huo Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kwa mwaka kutoka nje, kwa kuwa wakulima wake wenyewe walikuwa wamevuna sana. Bei huku ikaporomoka, na wenye shehena wakabaki nazo ghalani. Masharti yalilegezwa mwaka 2021, lakini aliyeweka mtaji wote kwenye mbaazi mwaka 2017 hakuwa na miaka minne ya kusubiri.

Mchanganyiko 1,771 ni mwingi mno kupimwa mmoja mmoja kwa kalamu. Lakini wachuuzi wengi hawanunui gunia moja moja. Tuseme ananunua kwa mafungu ya gunia tano tano, na kila fungu, liwe la zao lolote, linamgharimu shilingi 400,000. Sasa ana kete nne kwa mashimo manne, yaani mipango 35, ile ile 35 tuliyoipata kwa Ngorongoro. Mtaji wake ni 1,600,000.

Aulize: bei ya mbaazi ikianguka kwa nusu njiani, nitapoteza kiasi gani? Mipango 15 haina mbaazi, na haipotezi kitu kwa sababu hiyo. Mipango 10 ina fungu moja la mbaazi na inapoteza 200,000. Mipango 6 ina mafungu mawili na inapoteza 400,000, robo ya mtaji. Mipango 3 ina mafungu matatu, hasara 600,000. Mmoja una mbaazi tupu, hasara 800,000, nusu ya mtaji. Jumlisha 15, 10, 6, 3 na 1, utapata 35. Hakuna mpango uliosahaulika, na hiyo ndiyo kazi ya kujua idadi kabla ya kuanza kuorodhesha: daftari likiwa na mipango 34, unajua uko mmoja umeuruka.

Mahesabu hayo yafanywe kwa kila zao. Kitunguu kina hatari yake: kinaoza, na bei yake inayumba wanunuzi kutoka Kenya wanapokuja kwa wingi au wanapokosekana.

Tahadhari moja kuhusu magunia. Kanuni inadhani gunia ni gunia. Mwenye kununua kwa lumbesa anahesabu kete zisizolingana, moja ina kilo 100 na nyingine imeshindiliwa hadi imeota kichwa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100 na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele jambo hili miaka mingi. Mbali na sheria, lumbesa huharibu hesabu ya mnunuzi mwenyewe, maana Canter yake inajaa kabla ya magunia 20 kutimia.

Wingi wa namna si uwezekano

Hapa ndipo fedha za watu hupotelea, na si za wachuuzi peke yao. Mtu akisikia kuwa kuna namna 35, haraka husema kila namna ina nafasi moja kati ya 35 ya kutokea. Mara nyingi si kweli.

Mfano ulio wazi ni dadu. Tuseme mchezeshaji gulioni anarusha dadu tatu. Kwa kuwa hakuna anayejali dadu ipi imeonyesha nini, matokeo ni uchaguzi wenye marudio: kete tatu katika mashimo sita. Nafasi nane, vijiti vitano, kete tatu. Jibu ni 56. (Ndiyo, 56 ile ile ya safari. Pale tulikuwa na kete tano na vijiti vitatu, hapa kete tatu na vijiti vitano. Geuza kete ziwe vijiti na vijiti viwe kete, mistari ni ile ile.)

Katika matokeo hayo 56, sita ni ya namba tatu zinazofanana: moja tatu, mbili tatu, hadi sita tatu. Mchezeshaji anatangaza: weka shilingi 1,000, dadu zikilingana zote tatu nakupa 10,000. Kijana aliyesoma anapiga hesabu: sita katika 56 ni kama moja katika tisa na ushee, ananilipa mara kumi, mchezo una faida kwangu. Anakaa.

Lakini dadu si kete za bao. Kila dadu huanguka kivyake, na maanguko yenye nafasi sawa ni 6 mara 6 mara 6, yaani 216. Moja, mbili na tatu hupatikana kwa namna sita katika hizo 216. Moja, moja na moja hupatikana kwa namna moja tu. Kwa hiyo dadu tatu kulingana ni 6 katika 216, sawa na mara moja katika 36. Kwa wastani, kila mara 36 kijana anatoa 36,000 na kurudishiwa 10,000.

Swali la namna hii liliwahi kumfikia Galileo kule Italia, karne ya 17. Wacheza kamari waliona kuwa jumla ya 10 kwa dadu tatu hutokea mara nyingi kidogo kuliko 9, ingawa kila moja ina mafungu sita. Galileo alionyesha kuwa katika 216, jumla ya 9 ina namna 25 na ya 10 ina namna 27. Kinyume chake, mwaka 1924 mwalimu wa fizikia wa Dhaka, Satyendra Nath Bose, alizihesabu chembe za mwanga kama kete zisizo na majina, kila fungu likiwa na uzito sawa, na hesabu yake ikakubaliana na vipimo. Mwanga hufanya hivyo. Dadu hazifanyi, na soko la vitunguu halifanyi.

Kwa mchuuzi maana yake ni kuwa 35 ni idadi ya mipango anayoweza kuichagua. Haisemi lolote kuhusu bei ya kesho Kilombero. Mshauri yeyote anayechukua idadi ya namna na kuigeuza asilimia ya kufanikiwa aombwe kwanza aeleze kwa nini kila namna ina uzito sawa.

Hisa, na shimo la mfukoni

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998, kampuni ya gesi ya TOL ikiwa ya kwanza kuorodheshwa, na Kampuni ya Bia ikafuata mwaka huo huo. Tangu hapo wenye akiba ndogo wamekuwa na swali lile lile la Canter: kiasi gani wapi?

Mwenye shilingi milioni moja akiigawa mafungu kumi ya laki moja moja kwa kampuni nne ana kete 10 na vijiti 3, mipango 286. Lakini hesabu hiyo inamlazimisha kutumia zote, na hakuna aliyemlazimisha. Fedha inayobaki benki nayo ni uamuzi. Ongeza shimo la tano, liite mfukoni. Kete 10, vijiti 4, nafasi 14: 14 mara 13 mara 12 mara 11 gawa kwa 24 ni 1,001. Mipango 715 ya ziada ni ile inayobakiza angalau laki moja, na ndiyo ambayo mnunuzi wa mara ya kwanza husahau kuifikiria. Mchuuzi wa Canter naye afanye hivyo: nafasi tupu kwenye bodi ni zao la tano, na magunia 20 kwa mashimo matano yanatoa namna 10,626.

Akiona 1,001 ni nyingi, akate mafungu makubwa zaidi. Mafungu matano ya laki mbili mbili, kampuni nne na mfuko, ni kete 5 na vijiti 4, mipango 126. Akiweka sharti kwamba kila kampuni ipate angalau fungu moja, kete nne zimekwishawekwa, imebaki moja ya kutia katika shimo lolote kati ya matano. Ana mipango mitano tu: kuongeza kwenye moja ya kampuni nne, au kubaki na laki mbili.